Mzee wangu ni mvuvi wa Ukerewe: nimpeleke Brenne au ziwa la Der?

Mwanaukerewe

Habari zenu wakuu na dada zangu.

Naishi Orléans na familia. Baba yangu anakuja kututembelea katikati ya Oktoba na tutakuwa naye mpaka mwisho wa Novemba. Ni mvuvi wa Ukerewe, amevua sangara, sato na dagaa tangu ujana wake, na sasa nyavu amewaachia wadogo zangu. Paris tutamfikisha, mama amesisitiza apigwe picha pale mnarani. Lakini kila tukiongea kwenye simu anauliza jambo moja: Wafaransa wa bara, walio mbali na bahari, wanavua nini na wanavua vipi? Nataka aone jibu kwa macho yake.

Nimechambua mpaka zimebaki sehemu mbili. Brenne, mkoa wa Indre, wanakokuita nchi ya mabwawa elfu. Na ziwa la Der kule Champagne, ambako korongo hutua kwa makumi ya maelfu. Tutakodi gari. Tutakuwa watu wazima watatu na watoto wawili, siku tatu, mwisho wa Oktoba kuingia Novemba, watoto wakiwa bado likizo. Goti la mzee linamsumbua, mwendo mrefu hawezi, na baridi ya huku hajawahi kuionja.

Anayezijua sehemu hizi naomba ushauri. Kama kuna ya tatu iliyo bora, itajeni.

---

Mpiga Kasia

Mkuu, fikiria Marais Poitevin, karibu na Niort. Unaingia kijiji cha Coulon, mnapanda mtumbwi wa mbao wenye tako bapa, mwenyeji anausukuma kwa pondo kwenye mifereji iliyofunikwa na miti. Mzee anakaa tu, goti halina kazi. Pale wenye mitumbwi wana mtindo wa kukoroga tope la chini kwa pondo, gesi inapanda, wanaiwasha moto juu ya maji. Watoto hawatasahau.

Ila mwisho wa Oktoba ni ukingoni mwa msimu wao, wengi hufunga Novemba ikianza. Piga simu kwanza.

---

Zuhura wa Reims

Kaka Mwanaukerewe, karibu Champagne. Mimi nasema Der, na nasema hivyo kwa sababu ya tarehe zako.

Lile ziwa limetengenezwa na watu. Paris ilizama vibaya kwenye mafuriko ya 1910, na baada ya hapo wakaanza kutafuta namna ya kuyazuia maji juu kabla hayajaufikia mji. Der ilikamilika 1974. Kazi yake ni kuupunguzia mto Marne, unaoelekea Paris, maji ukifurika wakati wa baridi na kuurudishia wakati wa kiangazi. Lina ukubwa wa kilomita za mraba 48 na hubeba maji mita za ujazo milioni 350. Kwa hiyo mwendo wake ni kinyume na unavyodhani: linajaa kuelekea Juni, kisha linaachiwa kidogo kidogo, na Oktoba ikiisha limekauka sehemu kubwa. Ukifika utaona tope, visiwa vya mchanga na maji ya kina kifupi.

Hapo ndipo korongo wanapopataka. Wanatoka Skandinavia, Ujerumani na Poland wakielekea Hispania, na wanahitaji mahali pa kulala wakiwa wamesimama majini ili mbweha asiwafikie. Mchana wako mashambani wanaokota mahindi yaliyobaki baada ya mavuno. Jioni wanarudi kwa makundi, mstari juu ya mstari, na sauti zao unazisikia kabla hujawaona. Mwanzoni mwa Novemba jua linazama kama saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Muwe mmeshafika upande wa ziwa unaoitwa Chantecoq saa kumi. Unaegesha gari jirani na tuta, mzee anatembea hatua chache au anabaki kwenye kiti cha kukunja. Chukua darubini hata ya kuazima. Kuna pia furukombe wa huku, mwenye mkia mweupe, ndugu kabisa wa furukombe wetu wa Victoria. Baadhi yao hukaa Der msimu wote wa baridi. Mzee akimwona atamtambua kwa anavyokaa tu.

Na kuna jambo jingine ambalo kwangu lina uzito kuliko ndege. Ziwa lilimeza vijiji vitatu: Chantecoq, Champaubert-aux-Bois na Nuisement-aux-Bois. Watu walihamishwa. Kanisa la Champaubert limeachwa peke yake kwenye rasi, na makaburi yake. La Nuisement, ambalo ni la mbao na udongo, lilibomolewa kipande kwa kipande na kujengwa tena Sainte-Marie-du-Lac. Mpeleke mzee pale. Mtu aliyeishi kando ya ziwa anaelewa maana ya maji kupanda mpaka mlangoni.

---

Yaya Furaha

Jambo ndugu zangu. Mimi ni wa Bukavu, nimekulia sambaza, dagaa wa ziwa Kivu, na sasa naishi karibu na Le Blanc, ndani ya Brenne yenyewe. Dada Zuhura amesema kweli tupu kuhusu korongo. Lakini baba mzee ameuliza juu ya kuvua, na swali lake linajibiwa huku.

Mabwawa ya Brenne yote yamechimbwa. Udongo wa huku ni mchanga na mfinyanzi, nafaka haikubali vizuri na maji hayazami. Watu wa enzi za kati, watawa wakiwamo, walijenga matuta ya udongo kukinga maji ya mvua wakafuga samaki, maana siku za mfungo nyama ilikuwa marufuku na samaki alikuwa na soko. Wanasema mabwawa elfu lakini yamepita 3,000. Mengi yameungana: ukifungua la juu, maji yanaingia la chini yake. Samaki mkuu ni kapi, yule mpana wa magamba makubwa.

Sasa sikiliza wanavyovua. Kwenye tuta kuna lango la maji. Kuanzia Oktoba mpaka kama Machi wanalifungua, bwawa moja baada ya jingine. Maji yanatoka polepole, bwawa kubwa linaweza kuchukua wiki kadhaa. Samaki wanafuata maji mpaka wote wanabanana kwenye shimo la mwisho karibu na tuta. Siku ya kuvua, asubuhi mapema, watu wanaingia na suruali za mpira mpaka kifuani, wanazungusha wavu kama kokoro, wanauvuta wote pamoja kwa utaratibu. Wanachota kwa nyavu za mkono, samaki wanamwagwa mezani, mikono inachambua haraka kwa aina na ukubwa, mzani, halafu kwenye matangi ya lori wakiwa hai. Wadogo wanapelekwa bwawa jingine wakakue. Pembeni kuna moto, mkate, divai kwa wanaokunywa, na majirani waliokuja kusaidia. Mimi kila nikitazama nasikia kama niko ufukweni kwetu, lugha tu ndiyo nyingine.

Angalizo kubwa: mabwawa karibu yote ni mali ya watu binafsi. Usione maji ukaegesha gari ukashuka. Mwenye bwawa ndiye anayeamua nani aje kutazama. Piga simu Maison du Parc, ofisi ya hifadhi ya Brenne inayopokea wageni, iko Le Bouchet katika kijiji cha Rosnay, uwaulize bwawa gani linavuliwa tarehe hizo na kama wageni wanakaribishwa. Waeleze kwamba baba ni mvuvi kutoka Ziwa Victoria. Usilifiche hilo, linafungua milango.

---

Mwanaukerewe

Dada Zuhura, Yaya Furaha, aksanti sana. Nimemsomea mzee maelezo yote kwenye simu jana usiku. Kuhusu korongo alisikiliza kimya. Kuhusu lango la maji alinikatiza mara nne! Kokoro kwetu limepigwa marufuku kwa sababu linazoa mpaka vifaranga. Anauliza: hao wa Brenne wanaruhusiwaje kukausha bwawa zima na kuzoa kila kitu, na mwakani wanakula nini?

Na je, anaweza kutupa ndoano mahali popote?

---

Mdau wa Mindu

Nipo Morogoro, nasomea uvuvi, naomba nichangie hapo kwa mzee.

Victoria ni ziwa la wote, samaki wanazaliana wenyewe, na anayezoa vifaranga anazoa vya kila mtu. Bwawa la Brenne ni kama shamba. Mwenyewe anapanda vifaranga kwa idadi anayoijua, anavuna, anachagua wa kurudisha, na anajaza tena maji mvua zikija. Zamani pia walikuwa wakiacha bwawa kavu mwaka mzima kila baada ya muda, tope lipate hewa, hata nafaka ilipandwa humo.

Uzuri ni kwamba kazi hiyo ndiyo iliyotengeneza makazi ya viumbe. Matete ya pembeni, kina kifupi, maji yanayopanda na kushuka: ndege na kobe wa majini walihamia kwa sababu ya wafugaji wa samaki. Mwaka 1991 Brenne iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, orodha ileile ambayo Malagarasi-Muyovozi yetu iliingia 2000. Ufugaji wa samaki ukifa pale, matuta yataachwa, matete na vichaka vitayafunika maji. Nawaombea wasiache.

---

Zuhura wa Reims

Kuhusu ndoano: kwenye mito na maziwa ya umma lazima awe na kadi ya kuvulia, zipo za siku moja, unanunua kwenye intaneti. Kwenye bwawa la mtu binafsi ni ruhusa ya mwenyewe.

Kaka, naona jibu la mzee limeshatoka, nami nakubali. Msijaribu kuunganisha Der na Brenne kwa siku tatu, mtaishia barabarani na goti la mzee litavimba kwenye gari. Korongo wanapita tena Februari na Machi wakirudi kaskazini, watoto utawaleta wakati huo.

---

Mwanaukerewe

Tumeamua Brenne. Der watoto wameshaiwekea ahadi ya Februari.

Yaya Furaha, mbali na siku ya kuvua, hizo siku nyingine mbili tufanye nini na mtu asiyetembea sana?

---

Yaya Furaha

Ndugu yangu, furaha kwangu.

Anza na hifadhi ya Chérine, Saint-Michel-en-Brenne. Ni hifadhi ya taifa tangu 1985. Ingia kwanza nyumba yao ya kupokea wageni, uliza kibanda kipi cha kutazamia ndege kina njia fupi na kavu siku hiyo, wao wanajua hali ya tope. Ukikaa ndani ya kibanda, mzee yuko kwenye benchi, upepo haumfikii, na mbele yake kuna yangeyange, bata wa kila aina na matete. Kobe wa majini msiwatafute, Novemba wamelala chini ya tope mpaka joto lirudi.

Halafu mwonyeshe bwawa la Mer Rouge, yaani Bahari ya Shamu kwa Kifaransa, kubwa kuliko yote ya Brenne. Wenyeji wanasimulia kwamba bwana mmoja wa ngome ya Le Bouchet alitekwa karibu na Bahari ya Shamu wakati wa vita vya msalaba, akarudi salama na kulipa bwawa lake jina hilo. Ngome bado imesimama, Maison du Parc iko jirani yake. Hapo uliza kapi wa kukaanga, wanamkata vipande vyembamba kama chipsi. Na jibini ya mbuzi ya Pouligny-Saint-Pierre, ile yenye umbo la piramidi.

Nguo: koti zito, soksi mbili, buti za mpira, kofia inayofunika masikio. Ni msimu wa uwindaji pia, mtasikia bunduki, mzee asishtuke. Vaeni rangi za kung'aa na msiache njia zilizowekewa alama. Mkiona ndege amekufa msimguse, mafua ya ndege yapo, waambieni watoto mapema.

Simu Maison du Parc piga wiki hii, usingoje Oktoba. Ukishapata tarehe niandikie kwa faragha. Mume wangu huenda kusaidia kuvuta wavu kwenye bwawa moja la jirani, na mwenye bwawa hakatai mkono wa ziada. Namba ya buti za mzee ni ngapi?

---

Mwanaukerewe

42. Na amesema wavu atavuta, goti litangoja.