Mpigaji aliyechezea Colorado tumpimeje?

MwanaRaskazone:
Wadau salamu kutoka Tanga. Mimi na shemeji yangu hapa Ngamiani tumebishana besiboli mpaka tukanuniana, naomba mtuamulie. Yeye anasema mpigaji yeyote wa Colorado Rockies, ile timu ya Marekani, namba zake kata nusu, kwa sababu uwanja wao wa Coors Field pale Denver mpira ukiguswa tu umeshatoka. Ananitolea mfano wa Dante Bichette, 1995 alipiga homurani 40 (mpira unaopigwa ukavuka uzio wa uwanja), 31 nyumbani, ugenini 9 tu. Kwa Bichette sina la kumjibu, ila inaniuma akimtia na Larry Walker, mwenzake wa Rockies, kapu moja. Nyie mnapimaje?

fundi_chumbageni:
Shemejio ana hoja, usimbeze. Denver iko kama mita 1,600 juu ya bahari, Lushoto yenyewe haifiki huko, hewa nyepesi basi mpira unaenda mbali, na mrushaji naye anaumia maana ule mpira wake wa kupinda haupindi anavyotaka. Halafu uwanja waliujenga mpana makusudi ili kupunguza homurani, matokeo yake nyuma kumebaki mapengo makubwa, mipira inadondoka katikati ya wadakaji na avareji za watu za kupiga zinapanda. 2002 wakaanza kutunza mipira kwenye chumba chenye unyevu ili isiruke mbali sana, ikasaidia lakini bado. Mcheki Vinny Castilla wa Rockies, 96 mpaka 98 kila msimu homurani 40 au zaidi, 2000 kaenda Tampa Bay kapiga 6. Sita!

BiMwanaidi_Tga:
Kaka, Castilla msimu huo alicheza mechi 85 tu kati ya 162, usiubebeshe uwanja mzigo wote. Na hii ya kukata nusu kwa macho ni dhulma kabisa. 1997 Walker alipiga 49, na 29 kati ya hizo ni za UGENINI, mwaka huohuo akachukua MVP, tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Halafu kuna kitu watu hawakihesabu, mchezaji akikaa Denver jicho linazoea mipira iliyonyooka, akisafiri anakutana na mpira unaopinda kwelikweli, anapiga hewa. Kwa hiyo hata namba zake za ugenini zimeharibiwa na uwanja wake wa nyumbani, ukimpima kwa ugenini peke yake umemwonea mara ya pili. Nolan Arenado 2021 alitoka Rockies akahamia St. Louis, uwanja usiobeba wapigaji, na akapiga 34.

fundi_chumbageni:
Hapo dada nakuunga mkono. Ila thamani bado inashuka, maana pointi za Denver ni kama machungwa Muheza msimu ukikolea, yapo tele kwa hiyo moja halina bei, timu inahitaji pointi nyingi zaidi ili ishinde mechi ileile. Tumieni OPS+, kipimo cha ubora wa mpigaji, msaada wa uwanja umeshaondolewa humo, 100 ndio mtu wa kawaida. Kwa miaka yao yote ya kucheza, Walker 141, Todd Helton naye wa Rockies 133, Bichette 107.

MwanaRaskazone:
Eeh bwana, 141 na 107 wote walivaa jezi moja! Namtumia shemeji sasa hivi.

BiMwanaidi_Tga:
Mtumie na hili, Walker wapigakura walimzungusha miaka kumi, wakamwingiza Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa magwiji wa besiboli, 2020 nafasi yake ya mwisho kabisa, hofu yao kubwa ni Denver. Helton akaingia 2024. Mtu aliyepiga vile ugenini hakustahili kusubiri hivyo.