Ulimbo wa paini unapasuka kama glasi, nifanyeje?

Mpini_Huru (Elburgon): Wadau habari za jioni. Huku kwetu paini ni kibao, nimekuwa nikiokota ule utomvu umekauka kwa visiki na pale matawi yalipogolewa, nikauyeyusha kwa mkebe juu ya jiko nikatia unga wa makaa ndio nishikishe mpini wa kisu. Ukiwa moto unanata vizuri kabisa lakini ukishapoa, kugonga kidogo tu, vipande. Shida ni makaa ama moto? Na msiniambie ninunue gundi ya duka, hiyo najua iko.

fundi_wa_turi: Moto buda. Uliuacha ukachemka hadi ukatoa moshi, si ndio? Ile harufu kali inayopaa ni tapentaini na ndiyo inafanya ulimbo usikauke sana, ikiisha huna kitu. Weka mkebe ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, huku juu milimani hata hayafiki digrii 100 na bado yatauyeyusha, pole pole lakini. Chuja maganda na kitambaa kizee. Fanyia nje, na ikishika moto funika, usithubutu kumwaga maji.

Mama_Mizinga: Nta ya nyuki pia. Vijiko vitano vya ulimbo, kimoja cha makaa yaliyosagwa laini, nta nusu. Tia nyuzi za mkonge umezikata fupi fupi ama mavi ya sungura makavu (cheka tu, zile nyasi ndani ndizo zinashikilia). Chovya kijiti, kipoe, bonyeza na ukucha. Ikivunjika ongeza nta, ikibonyea ongeza makaa.

jakisumo_halisi: Nta usizidishe jameni, hiyo ni ya baridi ya Elburgon, ukishuka nayo Kisumu saa saba mchana mpini unazunguka wenyewe. Mimi huku naweka makaa zaidi. Na hicho kisu usikioshe na maji moto.

fundi_wa_turi: Na chuma ukipashe kwanza, ulimbo ukikutana na chuma baridi haushiki.

msitu_wetu: Okota tu, usichanje. Kama hiyo ni miti ya KFS (shirika la misitu la serikali) ongea na forester kwanza, halafu kidonda kibichi kinaalika wadudu.

Mpini_Huru: Sichanji mkuu. Mama_Mizinga, nta huku sipati, mafuta ya ng'ombe je?

Mama_Mizinga: Yanaweza, kidogo sana, yakizidi haunati. Na mikono paka mafuta ya kupikia kabla ya sabuni, utomvu utatoka.