Tupeane uzoefu: ulibonyeza "Hifadhi", maandishi yakaenda wapi?

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Lamu. Hapa Langoni huwasaidia watu kuandika kumbukumbu zao katika madaftari yanayofunguliwa ndani ya kivinjari (programu ya kufungulia kurasa za mtandao), na kilio hunijia kile kile: mtu ameandika, amebonyeza "Hifadhi", na asubuhi hakukuta kitu.

Naanza na langu. Natumia TiddlyWiki, iliyoanzishwa na Jeremy Ruston mwaka 2004, ambayo daftari zima pamoja na programu yenyewe huwa faili moja ya HTML, yaani ya ukurasa wa mtandao, inayobebeka kwa flashi. Ila kivinjari, kwa ajili ya usalama, hakiuachii ukurasa uandike juu ya faili iliyo kwenye diski upendavyo, kwa hiyo kila nilipohifadhi kilinipakulia nakala mpya. Nilifikisha nakala yenye namba 30 kwenye mabano, nami kila siku nikifungua ile ya kwanza. Tafadhali tupeane yaliyowafika.

Mwalimu wa madrasa, Mkomani: Wa alaykum salaam. Langu halikuwa na faili kabisa, kwani programu niliyokuwa nayo ilihifadhi kila kitu ndani ya kivinjari chenyewe. Simu ilipojaa, mwanangu akafuta data za kivinjari ili kupata nafasi, na mahudhurio ya wanafunzi ya muhula mzima yakaondoka nazo. Sikumgombeza, maana hata mimi sikujua yamekaa huko.

Fundi wa majahazi, Matondoni: Mimi nilipotezwa na neno. Kwetu kupakia ni kutia shehena chomboni na kupakua ni kuiteremsha, basi nilipohifadhi vipimo vya mbao nikaambiwa faili "imepakuliwa", nilidhani vimetolewa daftarini, nikaviandika upya, nikahifadhi, nikaambiwa yale yale. Nilivirudia mara tatu usiku ule, na nakala zote tatu zilikuwamo katika folda ya vipakuliwa, ambayo sikuwa nimewahi kuifungua.

Mtunza hesabu wa nyumba ya wageni, Shela: Kwa wanaotumia kompyuta, tangu kivinjari cha Chrome toleo la 86, la Oktoba 2020, ukurasa unaweza kumwomba mtumiaji ruhusa ya faili moja kisha ukaandika juu ya faili hiyo hiyo, mradi programu imetengenezwa kwa njia hiyo. Vivinjari vya Firefox na Safari havina dirisha hilo la ruhusa. Wenzangu wa mapokezi nimewawekea kivinjari kiwaulize mahali pa kuhifadhi kabla ya kupakua. Huchagua faili ya jana na kukubali ichukuliwe nafasi yake. Ni hatua mbili zaidi, na mmoja wao bado hubonyeza "Ghairi" kila anapoharakishwa na mgeni.

Mwanzisha mada: Ahsanteni. Fundi, maneno yako yamenifanya niyatazame upya madaftari ninayowatengenezea watu, kwa kuwa TiddlyWiki huruhusu kubadilisha maandishi ya vitufe vyake. Palipoandikwa "Hifadhi" nimeandika "Weka nakala kwenye folda ya vipakuliwa", na juu ya kila daftari nimetia tarehe na saa ya kuhifadhiwa mara ya mwisho, ili mwenyewe ajue ameshika nakala ya lini. Mwalimu, ukipata nafasi baada ya Alasiri, njoo na simu yako tuanze orodha mpya ambayo ni faili.