Mrejesho: homa ya mama mkwe na chai ya artemisia

Aksanti wote mlionijibu. Niliuliza kama mama mkwe, hapa Kadutu, Bukavu, apumzike tu na parasetamoli, anywe chai ya mmea wa artemisia, ama twende kituo cha afya. Tulienda. Walimtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, akaandikiwa vidonge vya artemeta-lumefantrini: asubuhi na jioni kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Sasa anagombeza wajukuu kama zamani, ndipo nikaamini amepona.

Yule yaya aliyenijibu hapa kwamba chai na kidonge ni kitu kimoja, neno lake nilimuuliza munganga wa kituo. Ni kweli artemisinini, asili ya dawa ya kidonge hicho, ilitoka kwenye mmea huo, na Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyeigundua, akapewa Nobel mwaka 2015. Lakini kiasi cha dawa katika kikombe hakijulikani: majani haya yana nyingi, yale kidogo, na vimelea vinavyobaki vinaweza kuizoea dawa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kwa malaria. Mama hakufurahi (nusu ya bustani yake ni artemisia!). Tangawizi ya koo tumemwachia, na kukandwa mgongo pia. Jirani yetu anaijua kazi hiyo.