Muda wake nyumba salama unaisha, anaenda wapi na watoto wawili?

shoga_wa_kweli:
Wakuu habari za jioni. Nina shoga yangu tumekua wote mtaa mmoja hapa Dar, mumewe alikuwa anampiga na mengine siwezi kuyaandika hapa, mpaka siku majirani wakambeba kumpeleka Dawati la Jinsia polisi, akapewa PF3 (fomu ya polisi ya kutibiwa), hospitali akapitia kile kituo cha Mkono kwa Mkono akaonana na daktari, polisi na ustawi palepale, kwa kweli pale walijitahidi. Wakamtafutia nyumba salama yeye na wanae, mmoja 9 mwingine 4. Sasa wamemwambia muda unaelekea kuisha, kuna wengine wanasubiri nafasi, aanze kujipanga. Ajipange na nini jamani? Alikuwa anauza vitenge, mtaji wote kaushika mume. Chumba cha bei ya chini tulichokipata huku pembezoni ni elfu 50, mwenye nyumba anataka miezi sita na dalali anataka wa mwezi mmoja, laki tatu na nusu hiyo na hujanunua godoro wala jiko. Kwangu tumebanana na mumewe anapajua. Kuna utaratibu wowote wa kumshika mtu hapo katikati, akishatoka nyumba salama na kabla hajaweza kusimama mwenyewe? Nyie wa "arudi tu ayajenge" piteni kimya kimya.

babu_wa_kijiweni:
Si arudi kwao? Wazazi wapo kwa ajili gani. Hizo nyumba za mashirika zinavunja ndoa za watu tu.

shoga_wa_kweli:
Babu kwao alishakimbilia zaidi ya mara moja, wakamkalisha kikao wakamrudisha wenyewe kwa mguu wao, eti mahari ililiwa. Na kwao ndo sehemu ya kwanza mume anapoenda kumtafuta.

mama_genge:
Mdogo wangu mimi nimepita humohumo acha niongee. Asitoke hapo kabla hajakaa na afisa ustawi wao akamuuliza wazi wazi, hela ya kumtoa ipo au haipo? Kuna mashirika mfadhili wao anaruhusu kulipa kodi ya kuanzia na kamtaji kidogo, mengine hela yote inaishia kwenye chakula na mlinzi, na hawakwambii mpaka uulize. Kama haipo aombe aongezewe muda, aandike sababu, mfano kesi haijaisha au mtuhumiwa yuko nje kwa dhamana, maana ukiongea kwa mdomo tu watakuonea huruma halafu tarehe ikifika unatoka vilevile.

Kuhusu kodi sasa, maana hapo ndo wengi wanapokwama na kurudi kwa mwanaume, sio kwamba wanampenda, ni kwamba mwanaume ana nyumba. Sisi tulitoka wanawake watatu tukachukua kinyumba cha vyumba vitatu uswahilini badala ya kila mtu kuhangaika na single yake. Tukigawana kodi inashuka, mmoja anabaki na watoto wengine tunaenda kutafuta. Tuligombana jamani msidhani tulikuwa peponi, luku peke yake ilitutoa macho, ila usiku mtu akigonga geti mko watu wazima watatu. Aulize huko ndani nani mwingine anakaribia kutoka na wanaelewana. Na mtafute mwenye nyumba anayeishi hapohapo, hasa bimkubwa, unaenda mwenyewe unakaa naye unaongea, wengine wanakubali miezi mitatu. Dalali akiwa katikati hiyo huruma haifiki.

Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, asiguse. Akope laki tatu leo alipe kodi halafu kila siku wanakuja kudai mlangoni, wiki mbili tu mtaa mzima unajua anakaa wapi na ana shida gani.

mtu_wa_sheria:
Naongezea upande wangu. Watu wanafikiri mwanamke akikimbia nyumba kaiacha, sio kweli. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 mume haruhusiwi kuuza, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, hata kama hati ina jina lake peke yake, na mke anaweza kuweka zuio ardhi. Kugawana mali ni kifungu cha 114, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango, kwa hiyo asitishwe na ile "ulikuja na begi lako". Kama hawakufunga ndoa aangalie kifungu cha 160, wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawatambua kama mke na mume mahakama inaweza kuwachukulia hivyo mpaka yule mwingine athibitishe vinginevyo. Huyo mtoto wa miaka 4, chini ya miaka saba sheria inaanza na kwamba ni heri akae na mama, baba ndo aje na hoja za kupinga. Aende TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) au WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake), hao msaada wa kisheria ni bure, aombe na matunzo ya watoto mapema, maana hiyo ndo hela ya kodi ya kesho. Na akiambiwa lazima kwanza wakae Baraza la Usuluhishi na huyo mume, amwambie wakili mazingira yake, kifungu cha 101 kina hali ambazo baraza linarukwa.

babu_wa_kijiweni:
Na sisi wanaume tunaopigwa twende wapi, au sheria ni za wanawake tu?

mtu_wa_sheria:
Babu kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hakijataja jinsia. Dawati nako wanapokea wanaume. Nenda.

mbongo_ughaibuni:
Niko Marekani, nimewahi kuwa mkalimani kwa kina mama wa Kiswahili kwenye mambo haya. Huku kuna fungu la serikali kuu linatokana na sheria ya ukatili dhidi ya wanawake ya 1994, mashirika yanapewa hela ya makazi ya mpito, mtu anasaidiwa kodi kuanzia miezi 6 mpaka 24 na wanamfuatilia tena miezi mitatu. Sehemu nyingi chumba ni cha kawaida mtaani, mkataba una jina lake mwenyewe, shirika linamlipa mwenye nyumba moja kwa moja. Najua bongo fungu kama hilo hakuna, ila hiyo ya kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja hata kikundi cha kanisa au msikiti kinaweza, mkichanga mpeni bimkubwa mwenye nyumba mchukue risiti. Hela akiishika yeye, kwa njaa ya watoto itapotea kabla ya kodi.

fundi_simu_tmk:
Mnasahau kitu kimoja, line. Wanawake wengi line zimesajiliwa kwa NIDA ya mume, mume anaenda tu dukani kuirenew na mpesa yote inahamia kwake. Apige *106# aone usajili, kama sio wake asajili mpya kwa alama zake. Na simu yenyewe akaunti ya Google aitoe yote aanze upya, nimeshaona simu nyingi mke anafuatiliwa kwenye ramani.

mama_genge:
Hapo umesema. Na shule! Huyo wa miaka 9 akihama, fomu ya uhamisho inaandikwa anakoenda, baba akiingia ofisini kuuliza kwa upole anaambiwa. Mwambie ustawi waende kwa mwalimu mkuu wao wenyewe kabla. Na mkienda serikali ya mtaa kwa barua ya utambulisho, ongeeni na mtendaji chemba, msieleze mbele ya foleni.

shoga_wa_kweli:
Mbarikiwe sana, nimemsomea zote kwa simu. Kuna dada mwenzake humo ndani anatoka mwezi ujao, anajua kusuka, wameshaanza kuongea. Jumatatu tunaenda kuomba kuongezewa muda kwa barua. Ila jamani vile vikundi vya mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake, mgeni wa mtaa anaingiaje?

mama_genge:
Hauna riba ila ni wa kikundi na unasubiriwa, kwa kodi ya sasa usiuhesabu. Akishahamia aende kwa afisa maendeleo wa kata, amuulize vikundi vyenye nafasi. Mkija upande wa Mbagala ni PM, kuna bimkubwa ana vyumba viwili namjua.