Naomba ushauri: mama ana sonona (ugonjwa wa huzuni) au ni demensia (ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu)?
Wakubwa shikamooni. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, anaishi Kongwa, na tangu baba afariki amekuwa akisahau mambo, halali vizuri, na hata shamba lake la alizeti amelitelekeza. Majirani wanasema ni uzee tu, kauli ambayo siikubali.

Nimesoma kwamba sonona kwa wazee huweza kufanana sana na demensia, ila mara nyingi sonona huja kwa muda mfupi na mgonjwa mwenyewe hulalamikia usahaulifu wake, ilhali demensia kwa kawaida huanza polepole na mgonjwa huenda asitambue upungufu wake. Mama hujibu "sijui" kabla hata ya kufikiri, lakini akipewa muda hukumbuka, na hajawahi kupotea njia ya kwenda gulioni. Kinachonichanganya ni kwamba hali hizi mbili zinaweza kuwapo kwa pamoja.

Je, nimpeleke moja kwa moja Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma (jina ambalo akilisikia tu anakasirika, kwa jinsi watu wanavyolifanyia utani), au kwanza apimwe damu, hasa homoni za tezi ya shingo na vitamini B12, katika hospitali ya kawaida? Aliyewahi kumuuguza mzazi wa namna hii anieleze pia daktari aliuliza nini, ili niandae maelezo mapema.