Hela za TASAF kijijini kwetu, wanaokula sio wanaostahili?

mchunga_punda:
Wakuu salama? Nimetoka kijijini juzi kumuona bimkubwa, nimekuta stori ni moja tu, hela za TASAF, ule mfuko wa serikali unaozipa ruzuku kaya maskini. Siku ya malipo pale ofisi ya kijiji kumefurika kuliko mnadani. Sasa kuna jamaa ana bodaboda mbili kaajiri madereva na mke wake ana duka la vipodozi, huyo mke jina lake lipo kwenye orodha ya kaya maskini na meseji ya hela ikiingia anaringa nayo kabisa. Halafu kuna bibi jirani yetu analea wajukuu, nyumba imelala upande ukuta wameuegemeza magogo, yeye hayumo, anaambiwa siku ya mkutano hakuwepo. Atakuwepo vipi na siku hiyo alikuwa kibarua anapalilia mahindi ya watu? Kilichonimaliza zaidi ni vijana, unamwambia mtu twende shamba anakujibu mama anapokea wiki ijayo. Mimi naona huu mpango unazalisha ombaomba tu, bora wafute hela ziende zahanati. Nakosea wapi?

Fundi Chuma:
Huyo mke wa bodaboda ana undugu na mwenyekiti wa kijiji?

mchunga_punda:
Mwenyekiti kamuoa dada yake 😂

Fundi Chuma:
Umeshajijibu mkuu, funga uzi.

kalamu_ya_risasi:
Usifunge kwanza. Mimi nilishafanya kazi ya kujaza madodoso ya huu mpango kwa hiyo naongea nilichokiona. Watu wengi wanadhani kompyuta ya Dodoma ndio inachagua maskini, hapana, inaanza na mkutano wa kijiji, wananchi wenyewe wanataja nani hali yake mbaya, ndio sisi tunapita nyumba kwa nyumba na dodoso, una bati au nyasi, mnakula mara ngapi, mifugo mingapi, kisha ndio inapigwa hesabu nani anaingia. Kwa hiyo bibi yako kakosea njia tangu mwanzo, asipotajwa mkutanoni hakuna dodoso litakalomfuata. Na huyo wa bodaboda katajwa na watu waliokaa pale wakijua kila kitu wakanyamaza.

Na siku ya dodoso ni sinema. Godoro linahamia kwa jirani, redio inalala kwenye ghala, nimeona kwa macho yangu mtoto anaswaga mbuzi kuwapeleka bondeni mama yake anatukaribisha na uso wa huzuni. Utamwandika nini? Ulichokiona.

Ila hilo la ombaomba nakataa. Mpango ulivyoanza enzi za Kikwete 2012 ruzuku ya msingi ilikuwa 10,000 kwa mwezi kwa kaya nzima, na ukijazia za watoto, kliniki na shule zote juu kabisa ilikuwa 38,000. Na zinatoka baada ya miezi miwili, zikichelewa ndio basi. Elfu kumi ukigawa kwa siku ni shilingi mia tatu na kitu, kijana anayekwambia halimi kwa sababu ya hiyo hela alikuwa halimi tangu zamani. Majaribio ya mwanzo yalifanyika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, yakafanyiwa utafiti, na waliopokea walionekana wananunua zaidi kuku na kadi za CHF, ile bima ya afya ya jamii. Kama kuna wanaonywea wapo, ila sio wengi kama mnavyosema vijiweni.

Mama Shughuli:
kalamu usiwapambe sana. Huku kwetu bibi alifariki, mazishi tukaenda, maombolezo yakaisha, na hela yake ikaendelea kutoka, mtu ana kadi yake anapokea kama kawaida. Wale kaya hewa walioondolewa makumi elfu enzi za Magufuli hawakujiandika wenyewe, kuna mkono uliandika. Na zile ajira za muda za huo huo mpango, watu wanasaini mahudhurio asubuhi wanachimba lambo nusu saa wanarudi kwao, msimamizi kimya kwa sababu mdogo wake naye kasaini.

Na tusijifanye hatujui kwa nini watu hawasemi. Utasimama vipi mkutanoni useme fulani sio maskini na keshokutwa unamuhitaji akukopeshe ng'ombe wa kulimia? Ukiugua usiku hiyo bodaboda yake ndio itakupeleka zahanati.

mpemba_wa_darajani:
Ndio maana huku Zanzibar kwenye pensheni ya wazee wameepuka hayo mambo. Tangu 2016 mtu kishafika 70 ni mkaazi basi anapata, tajiri maskini wote sawa, ilianza 20,000 kwa mwezi baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Hapaitishwi mkutano wa kuamua nani fukara. Kigogo mstaafu atapata naye, apate tu, ila na bibi wa jamaa angepata bila kumbembeleza mtu. Ubishi unaobaki ni wa umri, mzee anakwambia kazaliwa mwaka wa mvua kubwa.

Fundi Chuma:
Bara wazee ni wengi, hiyo bajeti itatoka wapi mkuu?

mpemba_wa_darajani:
Itoke kwa wa bodaboda mbili 😅

mchunga_punda:
Nimewasoma wote. Basi suala la kufuta naliweka pembeni, ila huyu bibi sasa nimsaidieje? Mwenyekiti siendi, nishasema sababu.

kalamu_ya_risasi:
Nenda halmashauri moja kwa moja ulizia mratibu wa TASAF, kila halmashauri anakuwepo. Peleka malalamiko mawili tofauti kwa maandishi, moja la bibi kuachwa, jingine la huyo asiyestahili, usichanganye maana la pili litaleta ugomvi na la kwanza litakwama humo humo. Kuingizwa anaweza kusubiri hadi zoezi la utambuzi lijalo, usimuahidi hela ya kesho. Wakati anasubiri mfuatilie msamaha wa matibabu, kama ana 60 kwenda juu na hajiwezi anatakiwa atibiwe bure hospitali za serikali.

mchunga_punda:
Sawa mkuu. Barua ya utambulisho lazima ipitie kwa mwenyekiti?

kalamu_ya_risasi:
Jaribu kwa mtendaji, muhuri wa ofisi ya kijiji anao yeye. Wahi asubuhi kabla hajaitwa kata.